Polisi na Wapenda Bastola: Nani Hodari wa Shabaha?

Baba yangu mdogo ni askari polisi, nami nimekusudia kuifuata kazi hiyo nikijaliwa kumaliza masomo. Hapa Uganda Kiswahili ndiyo lugha ya askari, basi si ajabu nikiandika habari hizi katika kurasa za Kiswahili. Siku nyingi nilidhani hakuna raia awezaye kumshinda polisi kwa shabaha. Nilipochunguza habari za Marekani, ambako raia wengi wana bastola zao wenyewe, niliona nimekosea.

Wako huko watu waipendao bastola kama sisi tuupendavyo mpira. Hununua risasi kwa fedha zao na kwenda uwanjani kulenga shabaha kila wapatapo nafasi. Tangu mwaka 1976 kuna chama cha mataifa kiitwacho kwa kifupi IPSC, na mashindano yake hupima wepesi na usahihi pamoja. Lakini polisi wa New York hupimwa shabaha mara mbili tu kwa mwaka. Akipata alama zinazotakiwa, hurudi kazini. Kazi yenyewe ni kuandika taarifa, kuamua ugomvi, kuongoza magari na kutoa ushahidi mahakamani. Mwaka 2017 shirika la Pew lilitangaza kwamba katika polisi wa Marekani waliohojiwa, asilimia 27 tu ndio waliowahi kufyatua risasi kazini, mbali na mazoezi.

Mwaka 2015 ilitolewa habari ya jaribio lililonishangaza zaidi. Waliohitimu mafunzo ya bastola ya polisi walishindanishwa na watu wengine. Kwa umbali wa futi 3 hadi 15 hawakuwazidi wale waliokuwa na mazoezi kidogo ya bunduki za michezo. Na wale wasiojua karibu chochote waliwazidi kwa asilimia 10 tu!

Hata kubeba kwao ni mbalimbali. Mpenda bastola huificha chini ya shati, akichagua iliyo nyepesi, na mfuko wake huuchagua kwa upesi wa kuchomoa. Polisi huining'iniza kiunoni mbele ya macho ya watu wote, na kwa sababu hiyo mfuko wake una vifungo, maana wako polisi waliouawa kwa bastola zao wenyewe baada ya kunyang'anywa. Tena kwa miaka mingi bastola za polisi wa New York zilitengenezwa ili kifyatulio kiwe kizito, kivutwe kwa nguvu ya kilo 5 na zaidi, hali zile za kawaida hutaka nusu yake. Nia ilikuwa kuzuia risasi isitoke kwa bahati mbaya. Lakini kidole kikivuta kwa nguvu, mkono nao hutikisika.

Je, mpenda bastola angefaa kuliko polisi mahali pa hatari? Hapo nasita. Ubao wa shabaha haumwelekezei mtu bastola. Shirika la RAND lilipochunguza mapambano ya polisi wa New York ya miaka 1998 hadi 2006, lilikuta kwamba adui alipokuwa akijibu kwa risasi, katika kila risasi 100 za polisi ni 18 tu zilizompata. Tarehe 24 Agosti 2012, karibu na jumba la Empire State, mtu aliyekuwa amekwisha kuua mwenzake aliwaelekezea bastola polisi wawili. Walifyatua risasi 16, wakamwua. Wapita njia 9 walijeruhiwa, kwa risasi za polisi au kwa vipande vyake.

Likizo iliyopita nilimsomea baba mdogo hesabu hizi, nikitazamia atawatetea wenzake. Alikaa kimya, kisha akauliza kama wale 9 walipona. Nikamjibu kwamba walipona wote.