Cazorla aliyaacha maumivu mguuni

SHABIKI wa Arsenal hawezi kusahau usiku wa Oktoba 19, 2016, Ludogorets walipopigwa sita bila. Kumbe ndiyo ilikuwa mechi ya mwisho ya Santi Cazorla na jezi ya Washika Bunduki.

Kiungo huyo fundi, anayepiga kulia na kushoto utadhani hana mguu dhaifu, alikuwa akisumbuliwa na kifundo tangu 2013. Mwili ukipata moto, anacheza. Mguu ukipoa wakati wa mapumziko, anatamani kulia.

Kisha yakaja makubwa. Alipasuliwa tena na tena, kidonda kikagoma kufunga, bakteria wakala takriban sentimita 8 za kano ya kisigino. Ngozi ya mkononi, yenye tatuu ya jina la binti yake, ikakatwa na kubandikwa mguuni. Aliambiwa akiweza tu kutembea bustanini na mwanawe, ashukuru.

Hapo wengi tungekwisha. Maumivu ni kitu kimoja, mateso kingine. Maumivu yako mguuni. Mateso ni lile swali la usiku, “kwa nini mimi?”, linalokufanya umchukie hata mwenzako anayecheza.

Jamaa hakujifanya haumwi. Alikubali kuwa anaumwa, akarudi kutibiwa kwao Hispania, akaanza upya: kutembea, kukimbia, kugusa mpira.

Mwaka 2018 akatua Villarreal. Januari 3, 2019, akaitungua Real Madrid mara mbili, ikawa sare ya 2-2. Mwaka huohuo akaitwa tena timu ya taifa.

Mwaka 2023 akarudi Real Oviedo, klabu iliyomlea, kwa mshahara wa kima cha chini. Juni 21, 2025, akiwa na miaka 40, alifunga penalti Oviedo ilipoichapa Mirandés 3-1 na kurejea La Liga baada ya miaka 24.

Huku kwetu kwenye ndondo, mchezaji akiumia anapuliziwa dawa ya baridi, kisha anaambiwa, “Komaa, mwanangu!” Huko siyo kuyakubali maumivu, ni kuyaficha, na goti linazidi kuharibika. Kuyakubali ni kusema “naumwa”, kukaa nje, kutibiwa, na kutoyaruhusu yapande kichwani.

Mguu wa Cazorla uliuma miaka mingi. Uliishia kuuma mguu tu.