Mabafu ya Bweni: Hesabu Huanza Alfajiri

Idadi ya vitanda peke yake haitoshi kupanga mabafu ya bweni. Kinachoamua ni ile saa moja ya alfajiri ambayo kila mtu anataka kuoga. Katika bweni la wasichana 80, kila mmoja akikaa bafuni dakika 8, kuvua na kuvaa zikiwemo, zinahitajika dakika 640. Ili wote wamalize ndani ya saa moja, yanatakiwa mabafu 11. Nusu yao wakioga jioni, 6 yanatosha. Kwa hiyo matroni aulizwe ratiba ya bweni kabla ramani haijachorwa.

Vyoo vina hesabu yake. Mwongozo wa usafi wa mazingira shuleni nchini Tanzania unataka tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Choo na bafu visiwe chumba kimoja, maana anayeoga huwafungia nje wenye haja. Masinki yawe nje ya vyumba hivyo. Kupiga mswaki hakuhitaji mlango.

Kwenye maji ndiko wengi hukosea. Ndoo ya lita 20 humtosha mtu kuoga, lakini bomba la mvua linalotoa lita 8 kwa dakika humaliza lita 40 katika dakika 5. Kwa wasichana 80, hizo ni lita 1,600 kwa ndoo na 3,200 kwa bomba la mvua, kila siku. Penye mgao wa maji, kila bafu liwe na vyote viwili: bomba la mvua juu, na koki ya chini inayoacha nafasi ya ndoo. Maji ya tenki la lita 5,000 yana uzito wa tani 5, hivyo mnara wake upigiwe hesabu na mhandisi. Tenki likiwa mita 3 tu juu ya bomba la mvua, presha ni ndogo. Mabomba yakiwa membamba, bafu la mwisho hupata matone.

Sakafu iteremke kama sentimita 2 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu la maji, nalo liwe na kiwiko kinachobakiza maji ya kuzuia harufu. Madirisha yawe juu na mapana, kwani unyevu usipotoka ukungu hutanda dari nzima. Misumari ya kutundikia nguo na rafu ya sabuni ni vitu vya bei ndogo, lakini visipokuwepo nguo safi hulowa.

Kila choo cha wasichana kinahitaji pipa lenye mfuniko kwa ajili ya pedi, pamoja na koki humo ndani, ili asiyetaka kuonekana asilazimike kutoka. Angalau bafu moja na choo kimoja viwe na mlango wa sentimita 90 usio na kizingiti, na vyuma vya kushikilia ukutani.

Karo la maji taka na shimo lake vikae angalau mita 30 kutoka kisimani, upande wa mteremko, mahali gari la kunyonya linapoweza kufika hata wakati wa masika.