Kwa Nini Naitwa Nane

Wajukuu zangu, mmeniuliza mara nyingi kwa nini watu wa hapa Nyasho, Musoma, hawaniiti kwa jina langu. Mama ntilie ananiita Nane. Vijana wa bodaboda wananiita Nane. Hata yule mwalimu mstaafu, mtu mzima mwenye staha zake, akipita hapa barazani hunyanyua fimbo na kusema, "Umeamkaje, Nane?" Mmoja wenu amewaambia wenzake kwamba nilizaliwa wa nane. Si kweli. Mimi ni wa tatu kwa mama yangu, kule Butiama. Kaeni niwaeleze, na anayetafuna karanga atafune polepole.

Jina hili nilipewa Jumapili ya tarehe 28 Agosti 2011, ndani ya kibanda umiza. Ninyi mnatazama mpira kwenye simu, kila mtu na kioo chake kiganjani, kwa hiyo hamjui raha wala mateso ya kibanda umiza. Ni chumba cha mabati chenye mabenchi yasiyo na egemeo, joto la tanuri, na televisheni iliyofungiwa kwenye nondo kama mbuzi wa mahari. Nje kuna ubao ulioandikwa kwa chaki: nani anacheza na nani, saa ngapi. Ukiingia unaumia mgongo, unaumia magoti, na timu yako ikifungwa unaumia moyo. Aliyekipa jina hakukosea.

Nikiwa hapo kwenye ubao, niwape kitu cha kumshangaza mwalimu wenu wa jiografia. Mechi inayoanza saa tisa alasiri kule Uingereza, mwezi wa Septemba sisi tunaiona saa kumi na moja jioni. Ikifika Novemba, mechi ya saa hiyohiyo tunaiona saa kumi na mbili. Nani amechezea saa? Wao. Jumapili ya mwisho ya Oktoba Waingereza wote hurudisha saa zao nyuma kwa saa moja, kwa kuwa wakati wa baridi jua lao linachelewa kutoka na kuwahi kuzama. Jumapili ya mwisho ya Machi wanazisogeza mbele tena. Sisi wa Musoma tuko jirani na Ikweta, jua letu halina hila, hatuna sababu ya kugusa saa. Mwenye kibanda wetu alikuwa halijui jambo hilo. Mwaka mmoja, mwisho wa Oktoba, alitukalisha saa nzima tukitazama matangazo ya sabuni, huku akiapa kwamba dishi limeharibika.

Basi siku ile timu yangu, Arsenal, ilikwenda Old Trafford kwa Manchester United. Nilikaa benchi moja na mtani wangu, fundi baiskeli, mzaliwa wa Bunda, United wa kufa na kuzikana. Tulifungwa nane kwa mbili. Wayne Rooney peke yake alifunga matatu. Bao la tatu, mtani wangu alipiga kelele. La tano, aliniletea soda, akasema mgonjwa hunyweshwa. La nane hakupiga kelele hata kidogo. Alisimama, akavua kofia, akawauliza watu kwa sauti ya mtu mwenye wasiwasi wa kweli: "Jamani, sikukuu ya Nane Nane si ilishapita? Mbona ndugu yangu huyu ndiyo kwanza anaisherehekea?"

Mabao nane, mwezi wa nane. Kibanda kizima kilianguka kwa kicheko. Mwenye kibanda naye aliegemea ubao wake akicheka mpaka akaufuta kwa mgongo. Tangu jioni ile jina langu la ubatizo limebaki kwenye kitambulisho tu.

Mnauliza, Babu hukukasirika? Nilikasirika sana. Lakini mtu akikutania hupewi nafasi ya kukasirika, na hapo ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri. Watu husema kutambiana huku kwa Arsenal, United, Chelsea na Liverpool kumeletwa na televisheni. Televisheni imetuletea mpira tu. Utani tulikuwa nao.

Zamani, kabla ya babu yangu mimi, makabila ya nchi hii yalikuwa na watani wao. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali katika karne ya 19. Walipochoka kuzikana, wakawa watani, na wajukuu wa watu waliochomana mikuki sasa wanachomana maneno. Wanyamwezi waliobeba mizigo kwa miguu mpaka pwani walijikuta na watani njia nzima, hadi kwa Wazaramo. Mtani wako ana haki ya kukutukana mbele ya watu na kuchukua kuku wako akila, nawe huruhusiwi kununa. Ukinuna, wewe ndiye mkosaji. Lakini ukifiwa, mtani ndiye anayekuja na jembe. Magazeti yanapoziita Simba na Yanga "watani wa jadi", neno hilo limetoka huko, kwenye mila za makabila. Na kwa kuwa mnapenda majina ya Kiingereza: Simba yenyewe, kabla ya mwaka 1971, ilikuwa inaitwa Sunderland. Mashabiki wa Yanga wa enzi hizo walikuwa wanaitania Sunderland, na haikuwa ya Uingereza, ilikuwa ya Kariakoo.

Kule Uingereza mambo ni tofauti kidogo. Mashabiki wageni hutengewa kona yao uwanjani, walinzi wanasimama katikati. Hapa Nyasho, Arsenal na United wanabanana benchi moja, na wa United ndiye anayemshikia wa Arsenal mtoto wakati anakwenda msalani.

Ugomvi wa Waingereza wenyewe una asili za kuchekesha. Chukueni Liverpool na Everton. Everton ndiyo iliyokuwa ikicheza Anfield, imepanga. Mwenye uwanja akapandisha kodi, mpangaji akahama mwaka 1892, mwenye uwanja akabaki na nyasi tupu. Afanyeje? Akaanzisha timu yake, ndiyo Liverpool. Yaani kisa chote ni cha mpangaji na mwenye nyumba, kama visa vya huku uswahilini, ila hakuna aliyeng'oa milango.

Mtani wangu wa Bunda hakupenda nilipomweleza kuhusu nembo ya timu yake. Itazameni vizuri: ina meli. Manchester City nayo ina meli. Lakini Manchester haina bahari! Mji ule uliishi kwa viwanda vya nguo. Pamba ilitoka ng'ambo, ikashushwa Liverpool, ikalipiwa ushuru wa bandari, ndipo ikafika viwandani. Watu wa Manchester wakachoka kulipa. Wakachimba mfereji wa kilomita 58, ukafunguliwa mwaka 1894, meli zikawa zinaipita Liverpool na kutia nanga Manchester kwenyewe. Sasa fikirini Bunda, kwenye pamba yetu, wachimbe mfereji meli zisishushe tena mzigo Musoma. Wabeba mizigo wa Mwigobero wangecheka? Miji ya Liverpool na Manchester haijaachana na jambo hilo mpaka leo, ingawa umbali kati yake ni mfupi kuliko kutoka hapa mpaka Bunda.

Na lile "jogoo" la Liverpool, mnalolitania kila wakifungwa kwamba limechinjwa na supu iko jikoni? Si jogoo. Ni ndege wa kubuni wa mji wao, na wengi humfananisha na mnandi. Mnandi mnamjua. Ni yule mweusi anayekaa juu ya mawe ya ziwani, ameanika mabawa kama mtu aliyefua koti. Kwa hiyo nembo ya Liverpool iko pale ufukweni kila asubuhi, inameza samaki wetu bila kulipa.

Arsenal yangu je? Walianza mwaka 1886, wafanyakazi wa kiwanda cha silaha cha Woolwich, ndiyo maana mzinga uko kifuani. Mimi nilivutwa na Nwankwo Kanu, Mnigeria mrefu kama mlingoti. Oktoba 1999 Chelsea walikuwa wanaongoza mbili bila nyumbani kwao. Kanu akafunga matatu peke yake, kipindi cha pili, uwanja umelowa maji. Kisha msimu wa 2003/04 tukamaliza mechi 38 za ligi bila kufungwa hata moja. Baada ya hapo misimu zaidi ya 20 ikapita bila kombe la ligi, na mtani wangu alikuwa akinisalimia, "Kombe halijambo?" Namjibu, "Linakusalimu, liko safarini."

Siku ya kulipa ikafika. Tarehe 5 Machi 2023 Liverpool waliifunga United saba bila. Kesho yake, Jumatatu alfajiri, nilimtuma mtoto kwa mtani wangu na mafungu saba ya dagaa, kila fungu limeandikwa siku yake: Jumatatu, Jumanne, mpaka Jumapili. Na salamu: "Umekula wiki nzima, hakuna siku ya mapumziko." Yeye akawakaanga dagaa wote, akaniita tule. Hakuniacha nimalize hata tonge la kwanza. "Lakini saba," akasema, "bado haijafika nane."

Lipo jambo ambalo siwezi kuwaeleza nikicheka. Februari 1958 ndege iliyobeba kikosi cha United ilianguka Munich, watu 23 wakafa. Aprili 1989 mashabiki wa Liverpool walibanana uwanjani Hillsborough. Waliokufa ni 97. Wapo watu kule Uingereza wanaotunga nyimbo za kuwacheka marehemu hao. Ninyi ni watoto wa ziwa. Mnajua MV Bukoba ilizama Mei 1996 na mamia ya watu wetu. Mtu akija hapa akaimba wimbo wa kuicheka MV Bukoba, tutamwita mtani? Nikisikia mmoja wenu amefanya mzaha na Munich au Hillsborough, hapa barazani pangu asikanyage.

Na mkeka. Mnanielewa, ule wa kubashiri. Mimi nauchukia mkeka kuliko ninavyoichukia Tottenham. Zamani timu ya mtu ikifungwa, alipoteza usingizi tu. Sasa yupo aliyepoteza ada ya mtoto, halafu wewe unamwendea na vijembe vyako, "leo mitutu imeingia maji!" Unadhani unamtania, kumbe unamchoma kwenye donda. Niliwahi kuona ngumi zikirushwa pale kibandani, na hazikuwa za Arsenal wala Chelsea. Zilikuwa za hela. Pesa ikikaa kwenye benchi, utani unatoka mlangoni.

Mwaka 2020 kibanda chetu kilikuwa na timu moja kwa majuma machache. Mbwana Samatta alisajiliwa Aston Villa Januari, Mtanzania wa kwanza kucheza ligi kuu ya Uingereza. Tarehe 1 Februari akafunga dhidi ya Bournemouth. Tarehe 1 Machi akafunga Wembley, fainali ya kombe, ingawa Manchester City walishinda mbili kwa moja. Watu ambao hawakuwahi kuijua Villa walikuwa wanajadili beki yake ya kushoto. Na Rooney huyohuyo aliyenipa jina alikuja Dar es Salaam Julai 2017 na Everton kucheza na Gor Mahia, akafunga bao kwa shuti la mbali. Mtani wangu alinipigia simu usiku: "Nane, mkwe wako yuko nchini na hukumpikia?"

Lakini nanyi niwaulize. Biashara United ya hapa Mara ilipanda ligi kuu mwaka 2018, ikashuka 2022, ikichezea uwanja wa Karume, hapo hapo mnapopita. Nitajieni wachezaji watatu. Kimya. Wa Chelsea mnawajua na wa akiba. Hiyo ni aibu yenu, na yangu imo.

Sasa niwape lile lililobaki. Mama yangu alipofariki tulimzika nyumbani Butiama, si mbali na Mwitongo anakolala Mwalimu Nyerere. Siku tatu nilikuwa sijafumbua kinywa. Asubuhi ya maziko, mtu wa kwanza kushuka kwenye gari lililotoka Musoma alikuwa fundi baiskeli, na jembe mkononi. Hakunipa pole. Alivua shati, akaingia shimoni na vijana, akaanza kutupa udongo juu huku akihesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu. Wazee wakamtazama. Alipofika nane akasimama, akafuta jasho, akaniangalia, akasema, "Hapa mwenyewe atanisamehe, sipiti nane bila ruhusa yake."

Nikacheka. Shangazi zangu wakacheka wakiwa wanalia. Kisha akarudia kuchimba, na hakutoka mle shimoni mpaka kazi ikaisha.

Kwa hiyo jina hili silirudishi. Nanyi mkinikuta njiani mnaruhusiwa kulitumia, ila anzeni na shikamoo. Nane ifuate.