Anayesahihisha naye husahihishwa

Ndani ya Moodle, mfumo wa kufundishia mtandaoni ambao wanafunzi wengi wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki huutumia kupakua slaidi na kupakia kazi dakika za mwisho, kuna sehemu iitwayo Warsha. Humo mwanafunzi huwasilisha insha au ripoti yake, kisha hupewa kazi kadhaa za wenzake azisome, aziandikie maoni na kuzitia alama. Kufikia hapo hakuna geni. Walimu wamewabadilishia watoto madaftari wasahihishane tangu zamani. Ugeni uko mbele kidogo: Warsha humpa kila mwanafunzi alama mbili, moja ya alichoandika na nyingine ya jinsi alivyosahihisha, na hiyo ya pili huikokotoa yenyewe, bila kusoma hata neno moja la insha husika.

Martin Dougiamas, aliyeanzisha Moodle, ni Mwaustralia aliyekulia katika makazi ya jangwani huko Australia Magharibi. Shule ilimfikia kwa redio ya masafa mafupi, na karatasi za masomo zilikuja kwa ndege. Ukubwani alisimamia WebCT, mfumo mwingine wa kufundishia mtandaoni, katika Chuo Kikuu cha Curtin mjini Perth, huku akifanya utafiti wa uzamivu kuhusu namna watu wanavyojenga maarifa kwa pamoja kupitia intaneti. Toleo la kwanza la Moodle alilitoa tarehe 20 Agosti 2002, likiwa programu huria chini ya leseni ya GPL. Kwa hiyo taasisi kama Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania huuendesha mfumo huu bila kumlipa mtu ada ya leseni.

Hoja za Dougiamas ni chache na amezishikilia tangu mwanzo. Kwake yeye, katika kundi linalojifunza kwa kweli kila mtu ni mwalimu na ni mwanafunzi papo hapo. Mtu huelewa zaidi anapotengeneza kitu akijua kuna watakaokiona. Hujifunza mengi pia kwa kutazama tu wenzake wanavyofanya. Na mwalimu anayejua wanafunzi wake wametokea wapi na wanaona nini huwafundisha vizuri zaidi kuliko asiyejua. Ukizipima kozi nyingi kwa hoja hizo, zile zenye slaidi na tarehe ya mwisho basi, utaona ni sehemu ndogo sana ya Moodle inayotumika. Warsha ndiyo iliyozibeba hoja hizo zote kwa pamoja. Iliandikwa kwanza na Ray Kingdon, nayo ikawa moduli ya kwanza kabisa kuchangiwa na mtu wa nje, kisha David Mudrák akaiandika upya kwa ajili ya Moodle 2.0, iliyotoka Novemba 2010.

Kazi hupita katika hatua tano. Mwalimu huandaa maelekezo na fomu ya vigezo; wanafunzi huwasilisha; husahihishana; alama hukokotolewa; Warsha hufungwa. Kugawa kazi kwa wasahihishaji kunaweza kufanywa kwa mkono au kwa bahati nasibu, na majina yanaweza kufichwa pande zote mbili. Mfumo usipobadilishwa chochote, insha hubeba alama 80 na usahihishaji 20. Hizo 20 zina uzito wake. Zinamwambia mwanafunzi kwamba kusoma kazi ya mwenzake kwa makini ni sehemu ya somo lenyewe, wala si hisani, na kwamba aliyekesha juu ya aya mbovu za mtu mwingine amefanya kazi inayostahili malipo.

Ila malipo hayo yatapimwaje? Mwalimu mwenye wanafunzi 200, kila mmoja akiwa amesahihisha insha tano, ana fomu 1,000 mezani. Kuzipitia zote ni kazi kubwa kuliko kusahihisha insha 200 mwenyewe. Warsha huukwepa mzigo huo kwa kulinganisha wasahihishaji wao kwa wao. Chukua insha moja iliyosomwa na watu watano, wakaipa 80, 78, 76, 75 na 41 kwa mia. Wastani ni 70. Aliye karibu zaidi na 70 ni yule wa 75, kwa hiyo usahihishaji wake huhesabiwa kuwa bora kuliko wote na hupata asilimia 100. Wengine wanne hupimwa kwa umbali wao kutoka kwake. Wa 76, 78 na 80 watapungukiwa kidogo, na wa 41 ataanguka vibaya. Hesabu halisi hufanywa kigezo kwa kigezo kabla ya kujumlishwa, na mwalimu huchagua ukali wa ulinganishaji katika ngazi tano, lakini kanuni ni hiyohiyo.

Sasa mtazame huyo wa 41. Huenda ni mvivu aliyebofya namba bila kusoma. Huenda ana kisirani na mwandishi. Au huenda ndiye peke yake aliyegundua kwamba kurasa mbili za insha hiyo zimenakiliwa kutoka kitabu ambacho wenzake wanne hawajakifungua. Kwa mfumo, watu hao watatu ni mtu mmoja, maana wote wameandika 41. Na hasara haimwangukii yeye tu. Insha inapata 70 kwa mia, yaani 56 kati ya 80. Asingekuwepo, wastani ungekuwa 77.25 na mwandishi angeondoka na karibu 62. Mtu mmoja amemshusha mwenzake alama sita, naye ameshushwa kwa kumshusha, na hakuna popote ambapo mashine imeuliza nani alikuwa na haki.

Wasahihishaji wakiwa wawili, mambo huwa ya ajabu zaidi. Mmoja akitoa 90 na mwingine 30, wastani ni 60 na wote wako umbali uleule kutoka hapo. Basi wote wawili huhesabiwa bora, kila mmoja na asilimia 100 yake, ingawa mmoja wao lazima amekosea sana. Mwalimu anayegawa wasomaji wawili kwa kila insha ili kupunguza mzigo anakuwa ameondoa kipimo chenyewe, na skrini haitaonyesha kwamba kuna kilichoharibika.

Njia nyingine ipo. Calibrated Peer Review, mfumo ulioundwa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, humjaribu msahihishaji kabla ya kumwamini. Kwanza husahihisha maandishi matatu ambayo mwalimu ameshayatia alama. Kadiri anavyokaribiana na mwalimu ndivyo neno lake linavyopewa uzito anaposoma kazi tatu za wenzake, na mwishoni hujisahihisha mwenyewe. Hapo kipimo ni mwalimu. Katika Warsha kipimo ni kundi. Moodle nayo huruhusu kazi za mfano za kufanyia mazoezi, lakini alama za mazoezi hayo haziingii kwenye hesabu. Chaguo hilo linalingana na imani ya Dougiamas kwamba maarifa hujengwa na watu pamoja. Swali lisilojibiwa ni kundi lifanye nini na mjumbe wake aliyeona zaidi. Na lipo lingine, gumu vilevile: mwanafunzi akishajua kwamba hulipwa kwa kufanana na wenzake, ataendelea kuisoma insha au ataanza kubashiri namba ambayo wengine wataandika? Kuficha majina hakusaidii sana darasa lenye kundi la WhatsApp.

Waliounda Warsha waliacha milango miwili kwa mwalimu. Anaweza kuingia mwenyewe kama msahihishaji na kujiongezea uzito, ikawa kama kwamba watu kadhaa wenye maoni yaleyale wamesoma insha. Wastani ukahamia upande wake, na aliyekuwa mbali na kundi akajikuta karibu na kipimo. Anaweza pia kuibatilisha alama yoyote ya usahihishaji na kuandika yake. Milango yote miwili inamtaka jambo moja: katika orodha ndefu ya namba zinazofanana, aitafute ile inayopishana na nyingine na kusoma maoni yaliyoandikwa chini yake kabla ya kugeukia hatua ya mwisho. Fomu za kusoma hapo si 1,000 tena, ni chache tu. Warsha ikishafungwa, alama zote mbili huingia kwenye daftari la alama la kozi, na kazi ambazo mwalimu amechagua kuzichapisha hufunguliwa kwa darasa zima kuzisoma.