Maua Yasiyoiba Maji ya Mtungi

Mara nyingi twasikia neno hili likisemwa katika nyumba za Wakristo: "Maua ni ya watu wenye maji ya bomba." Neno hilo lina haki yake. Mahali ambapo mama na binti huondoka alfajiri kwenda kisimani, na kila mtungi una kazi yake, huu wa uji, huu wa kuoga, huu wa mbuzi, ni nani atakayethubutu kuumwagia maji mmea usiozaa chakula? Tukiwaambia watu wa nyumba hizo wapande maua yanywayo debe zima kila jioni, tutakuwa tumemtwisha binti mzigo wa pili, kisha tumeuita mzigo huo uzuri.

Hata hivyo, nyumba isiyo na ua hata moja nayo hupungukiwa na kitu. Bwana wetu alipotaka kuwafundisha wanafunzi wake wasisumbuke, aliwaonyesha maua ya kondeni, nayo hayakumwagiliwa na mtu. Basi yatupasa kuuliza, si kama tupande maua, bali tupande maua gani. Leo twapenda kueleza habari za mmea mmoja unaostahimili ukavu.

Wataalamu huuita Salvia leucantha. Kwao ni Meksiko, lakini sasa hupandwa katika nchi nyingi, hata katika bustani za Afrika ya Mashariki. Mwaka 1791 Antonio José Cavanilles, padre wa Hispania aliyekuwa pia bingwa wa elimu ya mimea, aliuandika habari zake na kuupa jina. Leucantha latokana na Kiyunani, na maana yake ni "wenye ua jeupe". Mtu auonaye kwa mbali hustaajabu, maana huona rangi ya zambarau tu. Akikaribia atafahamu: kile cha zambarau, laini kama mahameli, ni kikombe cha ua, na ua lenyewe jeupe lachungulia ndani yake. Ua huanguka mapema, bali kikombe hudumu siku nyingi, na kwa hiyo kichaka hukaa kimepambwa muda mrefu. Iko pia namna nyingine ambayo hata ua lake ni zambarau.

Mmea huu ni wa jamaa ya mrihani. Shika shina lake, utaona lina pembe nne. Jani ni refu na jembamba, na upande wa chini lina manyoya meupe kama sufu. Manyoya hayo yana kazi: huzuia jua na upepo visilinyang'anye jani maji yake. Kwao Meksiko maua yake hutembelewa na ndege wadogo sana wanywao asali ya maua, kama wafanyavyo chozi wetu, ingawa ndege hao si wa jamaa moja.

Kuupanda si kazi ngumu. Usitafute mbegu. Kata tawi changa lisilo na maua, urefu wa nusu shibiri, chini kidogo ya kifundo. Ondoa majani ya chini, ulichomeke katika mchanga uliochanganywa na udongo, uliweke kivulini, na mchanga usikauke. Baada ya majuma matatu au manne huwa limeshika mizizi. Likipata nguvu, lihamishe mwanzo wa mvua, mahali penye jua la kutosha na pasipotuama maji. Kati ya mche na mche acha futi 3 au 4, maana kichaka hukua kufikia kimo hicho na kutanuka vivyo hivyo.

Katika msimu wa kwanza mizizi ingali michanga, nao mmea wahitaji kusaidiwa. Hapo yatosha maji yaliyooshea mboga au nafaka. Usimwage kidogo kidogo kila siku. Mwagilia sana mara moja, kisha acha udongo ukauke, ili mizizi ifuate maji chini. Ukiisha kuimarika, mmea hauombi maji ila ukame ukizidi mno. Wengi huuua kwa kuuhurumia: huunywesha kila jioni hata mizizi ikaoza. Wala usiupe samadi nyingi, kwani utatoa majani tele na matawi yataanguka. Maua yakiisha, kata matawi yaliyozeeka, ukiacha kiasi cha shibiri moja juu ya ardhi, nao utachipua upya.

Neno moja la tahadhari. Jina Salvia latokana na neno la Kilatini la uzima, kwa sababu salvia ya jikoni ya Ulaya ilitumiwa tangu zamani kuwa dawa. Hii ya Meksiko twaipanda kwa uzuri wake tu, msiifanye dawa.

Tena mmea huu hauhitaji fedha. Kichaka kimoja karibu na mlango wa shule chaweza kutoa matawi ya kutosha nyumba nyingi. Mwalimu na awape watoto waende nayo kwao, na jirani asimnyime jirani. Binti arudipo kutoka kisimani, na aone maua mlangoni, akijua kwamba hayatadai hata kata moja ya maji aliyoyabeba kichwani.