"Umeelewa?" Haitoshi Kumruhusu Mgonjwa

Mgonjwa anayeruhusiwa kutoka idara ya dharura hupewa maelezo katika dakika mbaya kuliko zote. Maumivu hayajaisha, hajalala, ndugu yake yuko dirishani analipia, na usafiri unasubiri getini. Hapo ndipo anapotajiwa, kwa mkupuo mmoja, jina la ugonjwa, dawa tatu, siku ya kurudi na dalili za hatari, kisha anaulizwa, "Umeelewa?" Anajibu, "Ndiyo, daktari," na faili linafungwa. Nashikilia kwamba jibu hilo halimwambii daktari chochote. Kuhakikisha kwamba mgonjwa ameelewa ni sehemu ya tiba, na ni wajibu wa anayetibu, sawa na kupima presha.

Wapo wanaosema mgonjwa ni mtu mzima, asipoelewa aulize. Utafiti unawapinga. Mwaka 2009 Kirsten Engel na wenzake walichapisha katika jarida la Annals of Emergency Medicine matokeo ya kuwahoji watu 140 waliotoka idara za dharura nchini Marekani, kisha kulinganisha majibu yao na kumbukumbu za matibabu. Asilimia 78 walikuwa na pengo katika angalau eneo moja kati ya manne: ugonjwa, huduma waliyopata, matunzo ya nyumbani na sababu za kurudi hospitali. Mapengo mengi zaidi yalikuwa kwenye matunzo ya nyumbani, yaani sehemu ambayo mgonjwa anabaki nayo peke yake. Lakini kinachonisumbua zaidi ni jambo jingine: palipokuwa na pengo, mgonjwa mwenyewe alilitambua mara 20 tu katika kila 100. Mtu atauliza vipi kuhusu jambo ambalo anaamini kabisa kuwa analijua?

Wengine hutegemea maandishi. Karatasi ni muhimu, maana kichwa kilichochoka husahau, ila nayo ina mipaka yake. Mwaka 2006 Terry Davis na wenzake waliwaonyesha wagonjwa wa Marekani lebo iliyosema wameze vidonge viwili mara mbili kwa siku. Kati ya wale wenye uwezo mdogo wa kusoma, karibu asilimia 71 waliisoma sawasawa, lakini walipoambiwa wahesabu vidonge vya siku nzima, ni asilimia 35 tu waliotoa vinne. Sasa itazame bahasha ya dawa ya kwetu iliyoandikwa 2x3. Mfamasia anaona vidonge sita kwa siku; mwingine anaweza kuona vidonge viwili kwa siku tatu. Au mtu anaambiwa ameze "kila saa nane". Aliyekusudia saa 1 asubuhi, saa 9 alasiri na saa 5 usiku anaweza kueleweka kirahisi kuwa amesema mara moja kila siku, saa nane mchana. Kumtajia saa zenyewe kungemaliza utata huo.

Njia bora ni kumwomba mgonjwa aeleze kwa maneno yake atakachofanya akifika nyumbani. Aliyefungwa hogo mguuni aseme ataangalia nini kwenye vidole: kuvimba, ganzi, kubadilika rangi, maumivu yanayozidi hata baada ya kumeza dawa. Akisema, "Nitavumilia mpaka siku ya kliniki," hatari imegundulika kabla hajaondoka. Tena si jambo geni kwetu. Mwongozo wa WHO na UNICEF wa kutibu watoto wa chini ya miaka 5, uliotumika Tanzania tangu miaka ya 1990, unamfundisha mhudumu kuepuka maswali ya ndiyo au hapana. Mama huulizwa atachanganya maji kiasi gani na pakiti ya ORS, na dozi ya kwanza ya dawa humpa mtoto yeye mwenyewe, mhudumu akiona. Sioni kwa nini mtu mzima aliyegongwa na pikipiki apewe chini ya hapo.

Pingamizi zito ni foleni. Nesi mwenye majeruhi kumi mbele yake hana dakika za kupoteza, na hilo silibezi. Hata hivyo, Dean Schillinger na wenzake, walioandika mwaka 2003 kuhusu wagonjwa wa kisukari huko San Francisco, hawakuona kwamba kuhakiki uelewa kulirefusha mazungumzo. Ile ilikuwa kliniki, si dharura, kwa hiyo nisingedai kwamba kila kitu kihakikiwe. Viwili vinatosha, dawa na dalili za kurudi. Wapo pia wanaohofia kumdhalilisha mzee kwa kumpa mtihani. Heshima iko kwenye namna ya kuuliza: "Mzee wangu, nimeongea haraka. Hebu niambie utazimeza vipi, nijue kama nimeeleza vizuri." Anayepimwa hapo ni mhudumu.

Swali lenyewe liulizwe kwa anayestahili. Aliyeumia kichwa huenda asijue kwamba anachanganyikiwa. Atakayejua ni mke, kaka au shangazi atakayelala naye chumba kimoja. Huyo ndiye wa kuulizwa: "Akitapika tena na tena saa 9 usiku, au ukimwamsha asiamke vizuri, utafanya nini, na utapata wapi gari?" Akijibu kwamba atasubiri kukuche, maelezo yarudiwe upya, na suala la usafiri lizungumzwe hapohapo kabla ya kumkabidhi mgonjwa.