Ukihamia Mjini, Utatibiwa Wapi?

Watu wengi hutoka vijijini kwenda kuishi mjini. Wengine hufuata kazi. Wengine hufuata waume au wake zao. Wengine ni wazee wanaoitwa na watoto wao.

Kijijini zahanati ni moja. Mganga unamjua, naye anakujua wewe na watoto wako. Mjini si hivyo. Vibao vya hospitali ni vingi, na kila kimoja kinasema huduma zake ni bora. Mgeni hajui aingie wapi. Kwa hiyo hungoja mpaka augue sana, ndipo aanze kuulizauliza njia. Huo ni wakati mbaya wa kuchagua hospitali. Hospitali huchaguliwa mtu akiwa mzima.

Leo tutaeleza jinsi ya kuchagua. Tutatumia mji wa Dar es Salaam kama mfano. Lakini ukihamia Mwanza, Arusha, Mbeya au Dodoma, mambo ya kufuata ni yale yale.

Hatari ya kungoja

Tuchukue mfano wa mama aliyetoka Kilosa kwenda kuishi kwa mwanawe Mbagala. Mama huyu hunywa dawa za shinikizo la damu kila siku. Amefika mjini na dawa za wiki mbili. Dawa zimekwisha. Lakini kichwa hakimuumi, na anajiona mzima. Anasema, "Nikishauzoea mji nitatafuta hospitali." Wiki zinapita. Asubuhi moja anaamka mdomo umekwenda upande, na mkono mmoja hauna nguvu. Amepata kiharusi.

Shinikizo la damu halipigi kelele. Mtu anaweza kuwa nalo asisikie maumivu yoyote. Dawa hulishusha, lakini ukiacha dawa hupanda tena.

Kifua kikuu nacho ni hivyo. Kwa wagonjwa wengi dawa zake hunywewa kwa miezi 6. Mgonjwa hupata nafuu mapema, kabla vijidudu havijafa vyote. Akiacha dawa katikati kwa sababu ya kuhama, vijidudu vilivyobaki huweza kuwa sugu. Hapo kumtibu huwa kazi kubwa, na anaweza kuwaambukiza watu anaokaa nao chumba kimoja.

Kabla ya kuondoka kijijini

Nenda kwenye zahanati yako uage. Mwambie mganga unahamia wapi. Chukua vitu hivi:

1. Kadi ya kliniki ya kila mtoto. Kadi hii inaonyesha chanjo alizopata. Mtoto hupata chanjo anapozaliwa, akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Chanjo ya surua na rubela hupewa akiwa na miezi 9, na tena akiwa na miezi 18. Kadi ikipotea, mganga wa mjini hawezi kujua mtoto amefikia wapi.
2. Kadi ya kliniki ya mama mjamzito.
3. Barua ya uhamisho, kama unatumia dawa za kifua kikuu au dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI.
4. Majina ya dawa unazokunywa kila siku, yameandikwa kwenye karatasi. Chukua na paketi tupu za dawa hizo.
5. Dawa za kutosha kwa siku za safari na siku za kutafuta kituo kipya.

Weka vyote ndani ya mfuko mmoja wa plastiki visilowe. Usivitie ndani ya mzigo unaowekwa juu ya basi.

Ngazi za matibabu

Hospitali za serikali zimepangwa kama ngazi. Chini kabisa ni zahanati. Juu yake ni kituo cha afya. Kisha hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, na juu kabisa hospitali kubwa za rufaa na ile ya taifa.

Dar es Salaam ina zahanati na vituo vya afya katika sehemu nyingi. Hospitali za rufaa za mkoa ni Amana iliyoko Ilala, Temeke, na Mwananyamala iliyoko Kinondoni. Hospitali ya taifa ni Muhimbili. Zipo pia hospitali za ugonjwa mmoja mmoja. Taasisi ya Ocean Road hutibu saratani. Taasisi ya Jakaya Kikwete hutibu moyo. Taasisi ya MOI hutibu mifupa na ubongo.

Wapo watu wanaofikiri kwamba, wakiwa Dar es Salaam, kila homa ipelekwe Muhimbili. Hilo si sahihi. Hospitali kubwa ni za wagonjwa walioshindikana huko chini, nao hufika na barua ya rufaa. Mwenye homa au kuhara akienda huko atapoteza siku nzima na nauli, na atatumia fedha nyingi kuliko ilivyohitajika. Malaria hupimwa kwenye zahanati kwa tone moja la damu, na dawa mseto hupatikana hapo hapo.

Kwa hiyo anza chini. Ukishindikana, omba barua ya rufaa.

Ukishafika mjini

Katika wiki ya kwanza nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa ujiandikishe. Muulize zahanati ya karibu iko wapi. Waulize pia majirani, hasa akina mama wenye watoto wadogo. Hao ndio wanaokwenda kliniki mara kwa mara. Usiulize tu, "Ni hospitali gani nzuri?" Kila mtu atakujibu lake. Uliza hivi:

- Usiku inafunguliwa?
- Inazalisha akina mama?
- Ina vipimo vya damu?
- Dawa hupatikana, au huandikiwa ukanunue nje?
- Naweza kufika kwa miguu, au ni daladala mbili?

Kisha nenda mwenyewe ukaione kabla hujaugua. Hospitali nzuri iliyo mbali haikusaidii usiku wa manane.

Ya serikali au ya binafsi?

Kati ya mwaka 1977 na mwaka 1991, sheria ya Tanzania haikuruhusu watu binafsi kuendesha hospitali kwa faida. Mwaka 1991 ruhusa ilirudishwa. Ndiyo sababu leo mjini kuna hospitali nyingi za binafsi. Zipo nzuri na zipo mbaya. Zipo pia hospitali za mashirika ya dini.

Usidanganywe na rangi ya ukuta. Mahali popote pa matibabu panatakiwa kuwa na cheti cha usajili. Daktari naye anatakiwa kuwa amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika na kuwa na leseni. Tazama ukutani. Kama huoni cheti, uliza. Kuuliza si utovu wa adabu.

Jihadhari na waganga vishoka. Hawa huvaa koti jeupe na kuchoma sindano vyumbani. Jihadhari pia na duka la dawa linalojifanya hospitali. Kazi ya duka ni kuuza dawa, si kulaza wagonjwa wala kutundika dripu.

Mganga mzuri ni yupi?

Mara nyingi kwenye zahanati utamkuta tabibu au muuguzi, siyo daktari. Usikate tamaa. Hao wamesomea kazi hiyo, na wanajua ni mgonjwa gani wa kumtibu na ni yupi wa kumpeleka mbele.

Mganga mzuri hukuuliza maswali kabla ya kuandika dawa. Hukugusa na kukupima. Hukueleza una ugonjwa gani kwa maneno unayoyaelewa. Hatangazi siri yako. Haombi fedha za mfukoni. Akiona ugonjwa umemzidi, husema hivyo na kukupa rufaa.

Mganga anayechoma sindano kila mgonjwa si hodari kuliko wengine. Sindano si bora kuliko kidonge kwa kila ugonjwa.

Nawe una wajibu wako. Sema kweli. Taja dawa zote unazotumia, hata za mitishamba. Usitoke chumbani kabla hujaelewa. Unaweza kusema, "Daktari, naomba unieleze tena. Dawa hii ninywe mara ngapi, na kwa siku ngapi?" Kisha rudia alivyokuambia ili ajue umeelewa. Sasa unajua kusoma. Soma maandishi yaliyo kwenye pakiti kabla ya kumeza.

Ukishampata mganga anayekutibu vizuri, rudi hapo hapo. Ukihama hama kila wiki, kila mganga huanza upya.

Gharama

Ukiwa na kadi ya bima, uliza mapokezi kama inapokelewa hapo kabla hujaandikishwa. Si kila hospitali hupokea kila kadi. Dai risiti kwa kila fedha unayotoa.

Katika vituo vya serikali, utaratibu unawapa msamaha wa malipo akina mama wajawazito, watoto walio chini ya miaka mitano, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Dawa za kifua kikuu na za virusi vya UKIMWI hazilipiwi. Ukikosa uwezo, uliza ofisi ya ustawi wa jamii. Usirudi nyumbani kimya na mgonjwa.

Siku ya hatari

Yapo mambo yasiyongoja. Mtoto hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, ana degedege, au amelegea hajitambui. Mama mjamzito anatoka damu, anaumwa kichwa kikali na kuona maluweluwe, au mtoto ameacha kucheza tumboni. Mtu mzima mdomo umekwenda upande, au anashindwa kupumua.

Hapo usitafute hospitali yenye sifa. Nenda mara moja kwenye kituo cha karibu kilicho wazi. Watampa huduma ya kwanza na kumpeleka mbele. Weka akiba ya nauli kwa siku hiyo, na uwe na namba ya simu ya jirani mwenye bajaji au gari.

Ndugu msomaji, kama una mtoto, ndugu au jirani anayejiandaa kuhama, msomee makala hii kabla hajapanda basi.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Kwa nini yule mama wa Kilosa alipata kiharusi ingawa alijiona mzima?
2. Taja vitu vitano vya kuchukua zahanati kabla ya kuhama.
3. Kwa nini si vizuri kwenda hospitali ya taifa kwa kila homa?
4. Utamtambuaje mganga kishoka?
5. Ni nani katika kijiji chenu anayehama mwaka huu? Mtamsaidiaje?